Kura ya Ndugu Zetu Walio Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mchombe)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu na wazazi, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotupisha viti mkakaa chini ya mwembe:

Katibu wetu amenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo yeye huulizwa kila mara na wanachama walio nje ya nchi. Kijana aliyemaliza hapa, leo yuko Muscat au Johannesburg au Leicester, anatuma mchango wake wa mkutano, na chini ya ujumbe anaongeza swali: je, sisi huku tutapiga kura lini? Hajapata jibu. Mimi si mwanasheria, lakini mtu aliyefundisha Siasa, na baadaye Uraia, kwa miaka niliyofundisha mimi ataona haya kusema hajui.

Nitasema mapema ninakoegemea, msije mkanisubiri mpaka wali upoe. Naona haki ni yao, nayo wamecheleweshewa. Naona pia kwamba haki hiyo iwe ya kumchagua Rais tu, si Mbunge wala Diwani. Na tatu, naona wale wanaoitamani kura hii na wale wanaoiogopa wote wanaikuza kuliko ilivyo, isipokuwa katika sehemu moja ya nchi yetu, nayo nitaifikia.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa haki ya kupiga kura kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18. Kisha ibara hiyo hiyo inaliruhusu Bunge kuweka vizuizi, lakini inavitaja vizuizi vyenyewe kwa hesabu: mtu mwenye uraia wa nchi nyingine, mtu mwenye ugonjwa wa akili, mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na mtu aliyeshindwa kuthibitisha umri wake, uraia wake au kuandikishwa kwake. Baada ya hapo inafunga mlango, kwamba nje ya sababu hizo hakuna sababu nyingine ya kumzuia raia. Nawaomba wanafunzi wa kidato cha nne mkaisome wenyewe. Mtalitafuta humo neno "ng'ambo" msilione.

Basi kizuizi kiko wapi? Kiko katika daftari. Tangu Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lianzishwe kwa ajili ya uchaguzi wa 2005, kura ya Mtanzania imefungwa kwenye kituo. Unakwenda mwenyewe kwenye kituo cha kata yako, unaandikwa, unapewa kadi, na siku ya kura unarudi pale pale. Mtu wa Mchombe aliyeandikwa Mchombe hawezi kupigia kura yake Ubungo, seuze Dubai. Katika uandikishaji wa mwaka 2024 na 2025, ulioanzia Kigoma mwezi Julai 2024, vituo vilifunguliwa nchi nzima ila hakuna hata kimoja kilichofunguliwa katika balozi zetu. Kwa hiyo ndugu yetu wa Muscat hakunyang'anywa haki kwa sheria iliyomtaja. Ameachwa nayo mkononi bila mahali pa kuitumia, kama mtu mwenye tiketi ya treni isiyosimama kwenye stesheni yake.

Wako watakaosema kwamba haiwezekani kulipeleka sanduku kila mahali. Nawajibu kwa mfano wa nyumbani. Mwezi Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitengua kifungu cha sheria kilichokuwa kikiwazuia wafungwa wengi kupiga kura. Kisha katika uandikishaji uliofuata Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilifungua vituo magerezani, kwa mahabusu na kwa wafungwa wa vifungo visivyofika miezi 6. Mimi nililifurahia jambo lile. Ila nikajiuliza: tumeweza kumfikia mtu aliye nyuma ya ukuta wa gereza, tukashindwa kumfikia muuguzi aliye Gaborone na pasipoti yetu kabatini?

Hapo kwenye pasipoti pana jambo ambalo halisemwi sana. Sheria yetu ya uraia haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Mtanzania akichukua uraia wa Uingereza au Marekani kwa hiari yake, wa kwetu unaondoka. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ili watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalumu, iwarahisishie kuingia nchini na mambo ya ardhi. Hadhi hiyo haina kura ndani yake. Basi wengi wa wale tunaowasikia sana wakidai kura kutoka London na Houston, wenye nafasi ya kuitisha mikutano na kuandika makala, hata kituo kikifunguliwa kesho mlangoni pao hawatapiga, kwa kuwa si raia tena. Hali kadhalika ndugu zetu wengi wa Oman waliotoka Unguja na Pemba baada ya 1964, wao na watoto wao. Kiswahili wanacho, na jamaa wanao Unguja na Pemba, lakini pasipoti yao ni ya Sultani.

Nani basi ana pasipoti yetu? Ni binti wa kazi za ndani aliye Riyadh. Ni dereva wa lori anayelala Kasumbalesa akingoja foleni ya kuingia Kongo. Ni mwanafunzi wa udaktari aliye China, ni mfanyabiashara mdogo wa Lubumbashi, ni mlinzi wa usiku kule Doha. Hao hawajaitisha mkutano wowote. Siku ya kura wengi wao hawatapewa ruhusa, na baadhi yao pasipoti zimewekwa na mwajiri. Nikiisikia habari hii ya kura ya ng'ambo nawaza hao kwanza, na naona mjadala mzima ukibadilika sura.

Sasa hoja inayotumiwa sana ni ya fedha. Husemwa kwamba walio nje wanaleta fedha nyingi za kigeni, wanasomesha, wanajenga, kwa hiyo wanastahili kura. Kwamba wanaleta ni kweli kabisa. Tembea kutoka hapa hadi Mngeta uhesabu mabati mapya, kisha uulize yametoka wapi. Hata paa la maabara yetu tunajua limetoka wapi. Lakini hoja hiyo mimi siipendi, na nawasihi wenzetu waiache, kwa kuwa inawadhuru wenyewe. Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu. Mpiga kura alitakiwa awe na kiwango cha elimu, au cha kipato, au wadhifa fulani, tena achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikaamua kuingia katika uchaguzi ule pamoja na ubaya wake, ili kuuondoa kutoka ndani. Shabaha ilikuwa kila mtu mzima apate kura awe nacho au hana. Leo tukisema huyu apige kura kwa kuwa anatuma dola, tumekirudisha kipimo cha kipato kwa mlango wa uani. Na yule mlinzi wa Doha aliyelipwa nusu ya alichoahidiwa, asiyetuma kitu mwaka huu, tumwambie nini? Haki yake imetokana na uraia, na uraia haukui wala haupungui kwa stakabadhi za benki.

Tena, Ndugu Mwenyekiti, tusidanganyane kwamba walio nje hawashiriki katika uchaguzi wetu. Wanashiriki sana, ila kwa simu. Mwenye kulipa ada ya wadogo zake akipiga simu nyumbani wiki ya kampeni akasema mchagueni fulani, nani atamkatalia? Huyo hana kura moja; ana kura za nyumba nzima, na pengine za ukoo. Hana jina katika daftari, wala haoni diwani aliyemsimika akifanya nini masika yakifika. Mimi ningependelea awe na kura yake moja, ya siri, iliyohesabiwa, na mama yake abaki na ya kwake.

Tuwatazame majirani, maana wao wamekwisha jaribu.

Kenya waliliandika jambo hili katika Katiba yao ya 2010: Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia walio nje hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walianza na nchi za Afrika Mashariki peke yake, yaani hapa kwetu, Uganda, Rwanda na Burundi, na walioandikishwa walikuwa 2,637. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2015 ikakubali kwamba haki hiyo inaweza kutekelezwa kwa hatua. Mwaka 2017 wakaongeza Afrika Kusini. Mwaka 2022 wakafika nchi 12, pamoja na Qatar, Falme za Kiarabu, Uingereza, Marekani, Kanada na Ujerumani. Wakaandikisha watu 10,443.

Hebu iwekeni namba hiyo kwenye mizani. Daftari zima la Kenya mwaka huo lilikuwa na watu 22,120,458. Walio nje hawakufika 5 katika kila 10,000. William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura zipatazo 233,000, na akavuka nusu ya kura zote kwa kura zisizofika 70,000. Hata wote 10,443 wangepiga upande mmoja, matokeo yasingegeuka, wala duru ya pili isingelazimika. Na sababu ya uchache huo si kwamba Wakenya wa nje ni wachache au hawajali. Vituo vilikuwa katika balozi na ofisi za ubalozi tu, na mtu wa kijiji cha mbali alitakiwa asafiri mara mbili, mara ya kuandikwa na mara ya kupiga. Nchi ya Saudia, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi za ndani, haikuwamo katika zile 12. Tunarudi kwa binti yule yule wa Riyadh. Wakenya wanapiga kura ya Rais tu.

Msumbiji wamefanya kwa namna nyingine. Tangu 2004 raia wao walio nje, na hapa Tanzania wamo, wanapiga kura, na wanao wabunge wao 2 katika Bunge la watu 250: mmoja wa walioko Afrika na mmoja wa walioko kwingineko. Kwa hiyo siku za uchaguzi wa Msumbiji na wa Kenya tumekuwa tukiona majirani zetu wakipanga foleni Dar es Salaam, katika ardhi yetu, wakimchagua Rais wao, nasi Mtanzania wetu aliye Maputo au Nairobi anawatazama. Rwanda wanapiga, na mwaka 2024 walio nje walipiga siku moja kabla ya walio nyumbani. Kongo walianza 2023 kwa nchi 5 za majaribio. Ghana walitunga sheria mwaka 2006, na mwishoni mwa 2017 mahakama ikaiamuru tume yao iitekeleze ndani ya miezi 12. Miezi ilipita, na chaguzi zikapita. Sheria peke yake, basi, haifungui kituo.

Wanafunzi watapenda kisa cha mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Willem Richter, aliyekuwa akifundisha Uingereza. Sheria ya kwao iliwaruhusu walio nje kwa muda mfupi, kama wanafunzi na wasafiri, lakini si mtu aliyekwenda kufanya kazi. Mwalimu huyo akaishtaki serikali. Machi 2009, wiki chache tu kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Katiba ikampa haki. Nalitaja hili kwa kuwa mkoa wetu wa Morogoro uliwakaa Waafrika Kusini wakati hawakuwa na kura mahali popote, nyumbani wala ugenini. Pale Mazimbu, ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina la Solomon Mahlangu, palikuwa na shule ya wakimbizi wa ANC hadi walipoikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Watu waliokaa uhamishoni muda mrefu namna ile wanaijua thamani ya kuhesabiwa ukiwa mbali.

Sasa niwaendee wenye hofu, kwa maana hofu yao haikutoka hewani. Zipo nchi ambazo kura za nje ziliamua nani atawale. Italia ndiyo inayochekesha zaidi. Waziri wa serikali ya Silvio Berlusconi, jina lake Mirko Tremaglia, aliipigania sheria ya 2001 ya kuwapa Waitalia wa nje kura na viti vyao wenyewe bungeni, na wengi walidhani upande wake ndio utakaofaidi. Ulipofika uchaguzi wa 2006, katika viti 6 vya Seneti vya walio nje, 4 vilikwenda kwa wapinzani wao wa upande wa Romano Prodi, na Prodi akapata wingi mwembamba katika Seneti kwa ajili hiyo. Alipanda yeye, wakavuna wengine! Romania mwaka 2009 Traian Băsescu alishinda kwa kura zipatazo 70,000, na ukiziondoa kura za walio nje angeshindwa. Mwaka 2014 foleni katika balozi za Romania zilikuwa ndefu hata maelfu wakafungiwa milango. Mawaziri wawili wa mambo ya nje wakajiuzulu katika mwezi huo mmoja. Moldova ni juzi tu. Novemba 2024 Rais Maia Sandu alizidiwa kura ndani ya nchi, akashinda kwa kura za waliohamia Ulaya. Upande ulioshindwa ukanung'unika kwamba nchi imechaguliwa Rais na watu waliokwisha kuikimbia. Aliyebaki kijijini kwao analima, na bei ya gesi inampanda yeye, ana haki ya kunung'unika. Lakini na yule aliyeondoka, wengi wao waliondoka kwa kukosa kazi.

Mkizichungua nchi hizi mtaona zinafanana katika mambo mawili. Watu walioondoka ni wengi mno ukilinganisha na waliobaki, na walio nyumbani wamegawanyika karibu sawa kwa sawa. Pasipo mambo hayo mawili kura ya ng'ambo ni chumvi katika ziwa.

Sisi je? Kwa Urais wa Muungano, namba zinasema wazi. Mwaka 2015, uchaguzi uliokuwa na ushindani mkubwa kuliko yote tangu vyama vingi virudi, Dk. John Magufuli alipata kura 8,882,935 na Edward Lowassa 6,072,848. Pengo ni zaidi ya milioni 2.8. Vituo vya balozini vingeliziba pengo hilo kwa watu gani? Isitoshe, kwetu anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hata asipofika nusu, tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2000. Hatuna duru ya pili ambayo kura chache zingeweza kuilazimisha, kama ilivyo Kenya. Kwa hiyo anayekwambia kwamba walio nje watatuchagulia Rais, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Lakini nilisema pana sehemu moja. Ni Zanzibar. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kuwa na kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad 163,706. Tofauti 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alimpita Maalim Seif kwa kura 3,471. Na wazee wa Pemba watakukumbusha Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipopatikana kwa kura moja. Mahali ambapo uongozi umekatwa kwa kura 1,565, na ambapo hakuna mtaa usio na mtu Muscat, Dubai, Mombasa au London, kura ya ng'ambo inaweza kuwa uchaguzi mzima.

Ndiyo maana Zanzibar habari hii haizungumzwi kwa sauti ya kawaida. Kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya kule ilimtaka mtu awe mkaazi wa jimbo kwa miezi 36 mfululizo ndipo aandikwe. Sheria ya namna hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Dubai peke yake. Ilimgusa pia aliyehama Wete kwenda Mjini, na aliyetoka Bara. Hata hivyo aliyekwenda ng'ambo kutafuta riziki ilimpata sawasawa. Katika bahari ya Atlantiki viko visiwa vya Cape Verde, navyo vinafaa kutazamwa na Wazanzibari kuliko Italia au Kenya. Ni nchi ndogo ya visiwa, na watu wa asili yake walio nje husemwa kuwa wengi kuliko waliobaki. Walio nje wana wabunge 6 kati ya 72. Mwaka 2001 Rais wao alipatikana kwa tofauti ya kura zisizofika 20. Mwaka 2006 Pedro Pires alizidiwa kidogo visiwani na Carlos Veiga, akashinda kwa kura za nje. Visiwa havikuzama. Aliyeshindwa aliulalamikia uchaguzi, nchi ikaendelea, na mwaka 2011 chama cha aliyeshindwa ndicho kilichotoa Rais. Hawakuliweza hilo kwa kuwa na sheria nzuri kuliko sisi. Waliliweza kwa sababu kila upande uliamini kwamba ukishindwa leo waweza kushinda kesho.

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Sanduku la ubalozini linalindwa na nani? Balozi huteuliwa na Rais, na Rais mara nyingi ni mgombea. Vyama vidogo havina fedha za kupeleka mawakala Beijing na Brasilia. Mwajiri wa Riyadh aweza kumpeleka binti kituoni kwa gari lake akamsubiri mlangoni. Mwaka 2020 Zanzibar ilipoanzisha kura ya mapema kwa askari na watumishi wa uchaguzi, siku moja kabla ya wengine, upinzani uliikataa kwa nguvu, na hapo sanduku lilikuwa Unguja na Pemba. Je, lingekuwa Muscat? Nao uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 tunaujua sote. Wapo waliokosa wagombea wao wa Urais katika karatasi, zikazuka ghasia, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na ndugu zetu wa nje wakakaa hawajui nani mzima. Tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa zaidi ya asilimia 97. Sitaingia katika ubishi wa siku ile, maana uwanja huu ni wa shule. Lakini mtu asiniambie kwamba kura ya ng'ambo ni jambo la mitambo na kompyuta tu. Ikiwa mtu wa hapa anaitilia shaka hesabu ya kituo anachokiona kwa macho, hesabu ya kituo cha mbali ataikubali vipi?

Hata hivyo sikubali kwamba tungoje mpaka shaka zote ziishe ndipo tuanze. Tungengoja hivyo, wazee wasingeingia katika kura tatu.

Ninapendekeza Rais peke yake kwa sababu hii. Rais anaweka saini mikataba ya ajira na nchi za Ghuba, anateua Balozi anayempokea binti aliyekimbia nyumba ya mwajiri, serikali yake inatoa pasipoti. Mtu wa Riyadh anaguswa na Rais kila siku, pengine kuliko anavyoguswa mtu wa Mchombe. Bali Diwani wa Mchombe anashughulika na mfereji wa mpunga, zahanati, na ugomvi wa mkulima na mfugaji. Mbunge wa Mlimba anaulizwa juu ya barabara ya Ifakara, ambayo mvua ikinyesha mnajua inavyokuwa. Anayepaswa kuwachagua hao ni yule atakayekwama katika tope. Chama chetu hiki kina kanuni hiyo hiyo: mchango hupokelewa kutoka popote, lakini Mwenyekiti huchaguliwa na waliohudhuria. Mwaka jana mwanachama mmoja wa Dubai alilalamika. Nilimwelewa, na bado nadhani kanuni ni nzuri.

Kuna jambo moja la nyumbani nisingependa lipotee. Kabla ya kufika Muscat, wako raia walio ndani ya nchi na wako ng'ambo vilevile. Mwaka 2010 vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya uchaguzi, na wanafunzi wengi waliokuwa wamejiandikisha vyuoni walijikuta siku ya kura wako makwao, mbali na majina yao. Dereva wa TAZARA aliyelala upande wa Zambia, muuguzi aliyehamishwa kutoka Ifakara wiki mbili kabla, mfugaji aliyefuata malisho, hao wote kura zao zilibaki vituoni zikiwangoja. Siku hizi mtu aliyekwisha andikwa anaweza kuanza kurekebisha taarifa zake kwa mtandao. Hiyo ni hatua. Daftari likiweza kumfuata mtu kutoka Mchombe hadi Mwanza kwa kura ya Rais, kumfuata hadi Maputo hakutakuwa muujiza.

Basi ninayo maombi kwa mkutano huu. Katibu aandae orodha ya wanachama wetu wote walio nje wenye pasipoti ya Tanzania, na mbele ya kila jina aandike mji alipo na umbali wake hadi ubalozi wetu ulio karibu. Tusiwaulize chama chao. Mimi nitaandika rasimu ya barua kwa Tume na kwa Mbunge wetu, ikiomba vituo vya kura ya Rais viwekwe katika balozi, vianzie Ghuba na nchi jirani waliko wafanyakazi wengi, mawakala wa vyama vyote wagharimiwe, na kura zihesabiwe pale pale mbele yao na matokeo yabandikwe mlangoni. Wanafunzi walio kidato cha pili leo watakuwa wametimiza miaka 18 ifikapo 2030. Asubuhi nilipowauliza wangapi wangependa kwenda kufanya kazi nje, nilihesabu mikono 31 katika darasa la watu 44. Rasimu itakuwa tayari kabla ya mkutano wa halmashauri, na mwenye maswali na aulize sasa, kwa maana naona sinia la kwanza limekwisha toka jikoni.